Dar–Mbeya "saa 1 na dakika 20"? Mimi nimetumia saa 17 na maziko nimeyakosa

Wakuu, mods tafadhali msiuunganishe uzi huu na ule wa nauli. Hili ni jingine.

Mjomba wangu alikuwa azikwe Tukuyu saa nane mchana. Binamu yangu alipanda basi la usiku pale Mbezi jioni ya siku iliyotangulia. Nikamcheka: kilomita 830 za lami, mlima Kitonga, malori ya kwenda mpakani Tunduma, utashuka umevimba miguu! Mimi nina ndege ya saa moja asubuhi. Angani hadi Songwe, uwanja wa ndege wa Mbeya, ni kama kilomita 690 tu, na tiketi inasema saa 1 na dakika 20. Saa sita niko msibani, nimeshaoga.

Nikatoka nyumbani saa kumi alfajiri. Ndege ikapaa kwa wakati, siwasingizii. Tulipofika juu ya Mbeya naona vilele vya milima vimechomoza kwenye ukungu, chini kweupe pee. Tukazunguka weee, rubani akatangaza tunarudi Dar. Hapo sina ugomvi naye. Milima ile si ya kubahatisha.

Ugomvi ni kuanzia tuliposhuka. Dada wa kaunta: "Tunaondoka saa tano." Saa tano ikawa saa sita. Saa sita kaunta haina mtu! Dereva niliyemweka anisubiri Songwe ananipigia, "Bosi, huku jua linaunguza, hiyo ndege iko wapi?" Ukungu umeshayeyuka, sisi tumegawiwa soda na keki kavu, na hakuna hata mmoja wa kutuambia ndege yetu imepelekwa wapi.

Saa nane ikafika. Mjomba nimemzika kwa WhatsApp wakuu, nimeegemea nguzo, binamu kashika simu kwenye migomba, picha inaganda kila wanapotupia udongo. Yule yule niliyemcheka.

Tuliondoka saa kumi na moja na nusu jioni. Kutoka Songwe bado kuna kama kilomita 25 kuingia mjini (wanaokumbuka uwanja wa zamani, ule wa katikati ya mji, wanaelewa), foleni ya Mbalizi, Uyole, halafu ndiyo uanze kupanda Tukuyu. Nimeingia saa tatu usiku, masufuria yameshaoshwa. Gawanya 690 kwa 17: kilomita 40 kwa saa. Fuso la viazi lingeniacha.

Saa nne usiku, niko kwenye mkeka na wazee, simu inalia. Meseji ya kampuni: "Ndugu mteja, safari yako itachelewa kidogo."

Nimedai hela yangu, wamenijibu ni hali ya hewa. Hali ya hewa ya saa sita mchana? Kabla sijapeleka barua TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga), aliyewahi kurudishiwa nauli kwa kesi kama hii aniambie: ulidai kwa maandishi au ulikwenda ofisini kwao, na ilichukua siku ngapi?