MJADALA: Injini za Vita ya Pili ziwekewe kikomo kwenye mashindano ya ndege?

Wakuu salaam. Naleta hoja, wapenda injini mnijibu bila kuoneana haya.

Mashindano ya Reno, Nevada, yalianza 1964, yakafungwa pale 2023, na sasa yamehamia Roswell, New Mexico. Kundi linalovuta watu zaidi ni la Mustang, Sea Fury na Bearcat, ndege za kivita za miaka ya 1940. Zinazunguka nguzo zikiwa makumi ya mita tu juu ya jangwa, kwa kasi inayovuka km 700 kwa saa.

Msimamo wangu: injini zao ziwekewe kikomo cha presha ya hewa inayosukumwa ndani.

Mustang inatumia Merlin, silinda 12, lita 27. Jeshini ilitoa hosipawa karibu 1,500, na wakati wa kupaa sapachaja (pampu ya kusukuma hewa ndani ya injini) ilisukuma hewa kwa presha ya inchi 61 za zebaki. Hawa wa mashindano wanavuka inchi 100 na kupata hosipawa zaidi ya 3,000 kwenye injini ileile. Ili isinoki, yaani mafuta yasilipuke ovyo ndani ya silinda, wanapuliza maji yenye methanoli kwenye hewa inayoingia. Konrodi za asili (vyuma vinavyounganisha pistoni na shafti) zikaonekana hazitoshi, wengi wakafunga za Allison, injini nyingine ya enzi hizo. Sasa maji hayo yakikatika kidogo tu, pistoni inatoboka, konrodi inapasua bloku, oili inafunika kioo na rubani haoni mbele.

Wanaopinga kikomo wanasema kasi ni akiba, na hoja hiyo ina uzito. Injini ikikata, rubani anatangaza hatari redioni na kuvuta ndege juu. Kasi inageuka kimo, naye anapata muda wa kuchagua njia ya kutua, maana uwanja uko palepale. Wengi wametua salama kwa namna hiyo.

Ila hesabu hiyo inategemea propela imtii. Mwaka 1979 Steve Hinton alikuwa ametoka kuweka rekodi ya km 803 kwa saa na Red Baron, Mustang iliyofungwa injini ya Griffon na propela mbili zinazozunguka kinyume. Mwezi uliofuata, huko Reno, injini ikafa. Presha ya oili ikaondoka, na oili hiyo ndiyo iliyokuwa ikigeuza pembe ya mapanga ya propela. Yakalala bapa, yakawa breki hewani. Akiba yote ya kasi ikaliwa, akaanguka kabla ya kufika njia ya kutua. Alivunjika mifupa akapona, na baadaye akawa rubani wa ndege inayoongoza wenzake kuanza mbio. Si kila mtu ana bahati ya Hinton.

Mchangiaji 1: Mkuu, mbona ajali mbaya kuliko zote umeiruka? Mwaka 2011 Galloping Ghost, Mustang ya rubani Jimmy Leeward, iliua watazamaji 10 na yeye mwenyewe, majeruhi zaidi ya 60. Injini ilikuwa nzima! Skrubu za kibawa kidogo cha mkiani zililegea. Kikomo chako kingemwokoa nani pale?

Mleta mada: Hapo umenibana, injini haikuwa na kosa. Lakini wachunguzi walisema pia kwamba ndege ilikuwa imebadilishwa sana bila kujaribiwa kwa kasi ya mashindano. Kasi hiyo imeletwa na nini kama si hosipawa? Ukiongeza nguvu, unadai zaidi kwa kila skrubu ya ndege nzima.

Mchangiaji 2: Mimi fundi. Nani atapima hiyo presha? Rubani ndiye ameshika mkono wa gesi, na akiona mwenzake anampita atausukuma tu. Halafu ndege ni mali yake na roho ni yake.

Mleta mada: Roho yake sawa, fundi, ila walio jukwaani 2011 hawakuwa wameshika gesi. Kupima si kazi: kifaa cha kurekodi presha kinafungwa kwa lakiri, kinasomwa baada ya kila mbio, aliyevuka anaondolewa. Kinachonitatiza ni nani ashike ufunguo. Waandaaji wanaishi kwa tiketi, na tiketi zinauzwa na kasi. Mimi naona washike FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ingawa najua marubani wengi watapinga. Mnaoona vingine, karibuni.