Naomba ushauri: komiki ya mwanaakiolojia, miaka inagongana

Wakuu habari zenu, nachora komiki ya mwanaakiolojia wa miaka ya 1930, mfano wangu ni Indiana Jones, yule mwanaakiolojia wa kwenye filamu, sasa miaka ndo inanichanganya. Hadithi ya filamu yake ya kwanza inatokea 1936, Wajerumani wamejazana Tanis, mji wa kale kule Misri, wakati kiukweli aliyekuwa anachimba pale tangu 1929 ni Mfaransa Pierre Montet, na makaburi ya mafarao kayakuta 1939! Halafu komiki za Indiana Jones za Marvel za 1983 hadi 1986 zilitoka kabla baba yake Indiana hajaonekana kwenye filamu ya 1989, so kuunganisha vyote ni kazi kwelikweli. Nyie mnaoandika hadithi, mnashika historia au mnalinda mtiririko? Na huyo Montet nimuweke tu au ataniharibia?