Ushauri: nataka kwenda Burundi na mke wangu likizo ya Agosti, tupite njia gani?

Maalim wa Kisauni
Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Mimi ni mwalimu wa historia hapa Mombasa. Agosti nataka kwenda Burundi na mke wangu, siku kumi hivi, na kila ninayemwambia ananiuliza, "Burundi kuna nini?" Wengine wanadhani nina biashara huko. Sina. Nimefundisha sana habari za misafara iliyotoka pwani kwenda Ziwa Tanganyika, na nchi hii isiyo na bahari tuko nayo Jumuiya moja ya Afrika Mashariki tangu 2007, lakini hatuijui. Kampala tunaenda, Kigali tunaenda. Bujumbura twaisikia kwenye taarifa ya habari tu, tena pakiwa na balaa.

Kwa mliofika: tupande ndege au twende kwa barabara? Kiswahili kitatutosha? Usalama je? Na tukipata nafasi ya kuona vitu vichache tu, tusikose kipi? Mke wangu apenda ngoma kupita kiasi, amekulia kwenye chakacha.

Dereva wa Miritini
Maalim, la kwanza: usikate tiketi ya Kigali ukidhani utateremka Kayanza, upande wa Burundi. Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, na watu wengi bado wanapanga safari kwa ramani ya zamani.

Njia yako ni Tanzania. Panda Voi, Taveta, vuka Holili, halafu Arusha, Babati, Singida, Nzega, Kahama, Nyakanazi mpaka Kabanga. Ng'ambo ni Kobero, kisha Muyinga. Ni mbali, lakini lami iko. Usijaribu kuimaliza kwa mkupuo, lala Arusha na Kahama.

Gari lako liache nyumbani. Mafuta Burundi ni shida ya miaka sasa, foleni kwenye vituo unaweza kuikuta asubuhi na ukaiacha jioni palepale. Na kule magari hupita upande wa kulia wa barabara. Mabasi na teksi za abiria zipo, nauli hupanda mafuta yakiadimika, kwa hivyo beba akiba.

Paspoti lazima. Kitambulisho kinachokupeleka Kampala hakikufikishi Buja, yaani Bujumbura. Viza hulipi, wewe ni mwana Jumuiya. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano usiisahau, wataiuliza.

MwanaKigoma
Mkuu, namheshimu dereva ila wewe ni mtu wa historia, na njia yake ni ya malori. Pita Kigoma! Shuka Dar, panda treni ya SGR hadi Dodoma (inafika huko tangu 2024), ukitoka hapo endelea kwa basi, au uanze na treni ya reli ya zamani moja kwa moja toka Dar ikupitishe Tabora. Hiyo reli Wajerumani waliifikisha Kigoma 1914, na kwa sehemu kubwa inafuata nyayo za misafara unayoifundisha. Utaona miembe ya Ujiji, mji wa misafara jirani na Kigoma, kwa macho yako.

Toka Kigoma unapanda kwenda Manyovu. Ukishagonga muhuri upande wa Mugina unateremka hadi Nyanza-Lac, kisha unafuata ziwa kupitia Rumonge hadi Bujumbura. Kushoto maji, kulia milima inayoshuka mpaka barabarani, na michikichi kila mahali. Barabara ina vipande vilivyoliwa na maji, dereva atakwenda polepole. Mwache aende polepole.

Kitu kimoja cha kukusaidia darasani. Kusini kidogo ya Bujumbura, pale Mugere, kuna jiwe kubwa lenye majina ya Livingstone na Stanley. Wapo watakaokuambia ndipo walipokutana. Walikutana Ujiji. Pale Mugere walipita pamoja baadaye, Novemba 1871, walipokwenda kuchunguza kaskazini ya ziwa. Jiwe lipande, piga picha, mandhari ya ziwa ni nzuri mno, lakini Ujiji ni ya kwetu.

Bint Kuze
Maalim, huyo mke wako mpeleke Gishora, kwenye ngoma za kifalme. Mengine yote yakishindikana, Gishora isishindikane.

Ni kilima karibu na Gitega, ambayo ndiyo mji mkuu wa kisiasa tangu 2019. Pahali palianzishwa na Mwami (mfalme) Mwezi Gisabo. Wapigaji huingia wakiwa wamejitwika ngoma kichwani, na hizo si ngoma za kubeba kwapani kama zetu. Ni magogo mazito yaliyochongwa kwa mti mmoja mzima, ngozi imekazwa kwa vigingi. Na huku wameibeba wanaipiga! Wakifika wanazipanga nusu duara. Ya katikati, inkiranya, ndiyo inayoongoza. Za amashakwe hazibadilishi mapigo tangu mwanzo hadi mwisho, na ibishikizo zinamfuata wa kati anakokwenda. Wanapokezana katikati mmoja mmoja, mwengine anaruka magoti yakafika kifuani. Mimi nilisimama karibu, mdundo nikausikia mbavuni kabla ya masikioni. UNESCO waliiingiza kwenye urithi wa dunia usioshikika mwaka 2014, na ukiwa pale huhitaji mtu akueleze kwa nini.

Lakini mwambie mkeo mapema: wanawake hawaruhusiwi kuzipiga. Tangu 2017 kuna amri ya serikali kabisa. Mimi iliniuma, na ingali inaniuma, kwa sababu kwetu mwanamke na ngoma hawatenganishwi. Wanawake wa kule wana ngoma zao za kucheza na nyimbo, aulizie aonyeshwe.

Beba sweta. Gitega iko juu karibu mita 1,500, jioni si joto la Mombasa. Makumbusho ya Taifa yako hapohapo mjini, ni madogo, saa moja yatosha.

Mtoto wa Buyenzi
Mwalimu, karibuni sana kwetu. Mimi nimezaliwa Buyenzi, Bujumbura. Kiswahili usiwe na wasiwasi: Buyenzi ni mtaa wa Waswahili tangu zamani, misikiti ipo, barabara za mtaa zina namba tu hazina majina, na mafundi gari wako kila kona. Ukizungumza Kiswahili chako cha Mombasa watu watakusogelea wakusikilize. Sokoni na kwenye magari pia kinapita. Ukipanda milimani watu wengi ni Kirundi tu, kwa hiyo Gitega na Rutovu, kwenye chemchemi ya Nile, chukueni kijana wa kuwaongoza.

Pesa ndiyo jambo la kufikiria sana. Kadi zitawaangusha, M-Pesa msiitegemee. Leteni dola taslimu, noti mpya zisizochanika wala kuandikwa. Ulizeni hotelini kiwango kiko vipi kabla hamjabadilisha, na msibadilishe na mtu aliyewafuata barabarani.

Pikipiki na bajaji haziingii katikati ya mji tangu 2022, mtatembea au mtachukua teksi. Jumamosi asubuhi ni kazi za jamii, msipange safari saa hizo. Saa zetu ziko nyuma ya zenu kwa saa moja.

Usalama: mjini mtakaa vizuri, ila upande wa Kongo kuna vita, Uvira ni hapo ng'ambo tu na wakimbizi wengi wameingia kwetu. Msiende Gatumba, mpakani mwa Kongo, kutalii, na msitu wa Kibira msiingie bila kuuliza wenyeji kwanza. Msipige picha za askari wala madaraja. Siasa mtuachie wenyewe.

Na mle mukeke. Unachomwa mzima juu ya makaa, unaletwa na ndizi na pilipili. Samaki huyo ni wa Ziwa Tanganyika tu, kwenu hamtampata.

Dereva wa Miritini
Kijana amesema kweli kuhusu dola. Maalim, na kama mama hawezi safari ndefu, kuna ndege ya Nairobi kwenda Buja. Bei si ya kuchekea, lakini mnaweza kwenda kwa barabara na kurudi kwa ndege.

Maalim wa Kisauni
Nawashukuru sana, wallahi. Nimemsomea mke wangu yote. Kuhusu ngoma alinyamaza kidogo, kisha akasema ataenda na atawauliza wanawake wa huko wenyewe wanalionaje. Tutapita Kigoma, tutalala Ujiji, turudi kwa ndege. Rutovu, kwenye hiyo chemchemi ya Nile iliyo kusini kuliko zote, tutakwenda ikiwa Gitega itatubakishia siku. Mtoto wa Buyenzi, hapo Gishora tunafika tu, au lazima kuagiza mapema?

Mtoto wa Buyenzi
Agizeni. Wapigaji ni wakulima, wanaishi vilima vya karibu na wanahitaji muda wa kukusanyika. Mkifika Gitega leo, mtume mtu awaambie, mpande kesho yake. Bei mkubaliane kabla ngoma ya kwanza haijapigwa.