Msaada wa haraka: mbuzi wanaharisha, dawa ya minyoo nipime vipi?

Nyasi za Uyole: Habari wakuu. Nipo Uyole, Mbeya. Mbuzi wangu watano wanaharisha tangu asubuhi, wawili wamelala hawataki kuinuka. Nimenunua albendazo. Kila mmoja nimpe kiasi gani? Mmoja ana mimba changa.

Mama Kwato: Mwenye mimba changa usimpe albendazo, inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Wengine wapime uzito kwanza, ukipunja dozi unafuga minyoo sugu. Vuta kope ya chini: ikiwa nyeupe, minyoo wanamnyonya damu.

Mabanzi: Banda likoje? Kwa baridi hii ya Juni sakafu ya udongo ni balaa. Inua mita moja, mabanzi yaachane sentimita moja na nusu, kinyesi kidondoke na kwato isinase. Ziba upande wa upepo, hewa ipite juu. Mkojo ukituama, mvuke wake unaunguza mapafu.

Nyasi za Uyole: Banda liko juu, mkuu. Kope nyekundu. Mimi nauliza dawa.

Pumba Debe: Wote kuharisha siku moja, kope nyekundu? Jana walikula nini?

Nyasi za Uyole: Majani kama kawaida.

Pumba Debe: Na nini kingine?

Nyasi za Uyole: Mahindi kidogo. Ya kupukuchua, ndoo ya lita 10. Mnunuzi anakuja Jumamosi, nataka wanenepe. Mahindi si sumu, hata sisi tunakula. Leo nimepunguza, nimewawekea nusu ndoo.

Pumba Debe: Itoe hiyo nusu ndoo sasa hivi! Mbuzi asiyezoea nafaka, mahindi yanachacha tumboni, asidi inapanda, tumbo linasimama, maji ya mwilini yanavutwa humo. Wape nyasi kavu tu. Anayeweza kusimama na kumeza, koroga bikaboneti, ile baking soda ya kuokea, si hamira wala magadi ya maharage: gramu 20 hadi 30 kwenye nusu lita ya maji kwa mbuzi wa kilo 30. Mnyweshe polepole pembeni mwa mdomo, kichwa kisiinuliwe juu, yasiingie mapafuni. Nafaka huanza na gramu 100 kwa siku, unaongeza taratibu kwa wiki mbili tatu.

Neno la Haki: Na mnunuzi utamwambia? Mgonjwa hauzwi. Aliyechomwa dawa, nyama yake ina siku za kusubiri.

Nyasi za Uyole: Ameshatoa kianzio, ndugu.

Mwana Isyesye: Hii chai. Ndoo ya lita 10 ni kilo saba na ushee. Mbuzi watano wakila hiyo wote wanalala, si wawili.

Mama Kwato: Hawagawani sawa. Waliolala ni wepi?

Nyasi za Uyole: Beberu na jike mkubwa. Ndio waliowasukuma wengine pale kwenye ndoo.

Mwana Isyesye: Basi ni kweli. Samahani.

Pumba Debe: Bonyeza ngumi ubavu wa kushoto, nyuma ya mbavu ya mwisho. Mzima, tumbo linasukuma ngumi mara moja au mbili kwa dakika.

Nyasi za Uyole: Beberu halisukumi. Kama unga uliokandwa, ngumi imeacha shimo. Anasaga meno.

Pumba Debe: Huyo usimnyweshe akiwa amelala ubavu. Mkalishe kwa kifua, mwegemeze kwenye gunia la majani, mpigie afisa mifugo wa kata. Anahitaji maji ya mshipa.

Nyasi za Uyole: Nimempigia, anakuja na pikipiki. Mahindi nimeyarudisha stoo. Wale watatu wamekunywa. Mnunuzi nampigia sasa.