Tupeane uzoefu: mugonjwa iko na tibu ya kupumulia mu kinywa, munamusikiaka namna gani?

Enfirmie wa Kadutu
Bandugu, nimetoka garde ya usiku roho haitulie. Tuko na maman moja wa Walungu mu reanimasio (chumba ya bagonjwa mahututi), sauti hamna juu tibu inapita katikati ya kamba za sauti. Siku 2 tunamuambia finya mukono yangu, Kifaransa, Swahili, hafinye, ku Glasgow, kipimo ya kuona kama mugonjwa iko macho na anaitika, tunamukata alama, tunaandika "haitike". Leo asubui mama wa kupanguza akapita na ndoo, akamusalimia mu Mashi, luga ya kwao Walungu. Maman akafungua macho, akakamata mukono ya yule mama akafinya mpaka kitambaa ya kupanguzia ikaanguka. Siku 2! Kumbe alikuwa anasikia, ni luga yetu njo hajue. Nyinyi munafanyaka aje?

Mama Furaha
Kwetu Goma ni bile bile na Kinande.

Garde_Ya_Goma
Weee umenikumbusha. Mwezi wa 1 mwaka 2025, wakati vita iliingia mu muji, bagonjwa walilala mpaka mu koridoo. Nilikuwa na kijana moja mwenye tibu, tulimufunga mikono asijitoe, na yeye anapiga kitanda na kisigino, tap tap tap, usiku muzima, jasho inamutoka, naita docta, docta anasema agitasio, kuhangaika tu, ongeza dawa ya kumulalisha, nikaongeza, mimi mwenyewe na hii mikono. Akalala. Asubui tukimugeuza ninaona tuyo ya sonde ya mukojo imekunjika chini ya matela, poshi ya mukojo iko kavu tangu jioni. Nikanyoosha tuyo, mukojo ikakimbia karibu litre moja. Siku walimutoa tibu, sauti ya kukwaruza, kitu ya kwanza: "Dada, si nilikuwa nakuonyesha na muguu?" Nilienda kulia mu depo ya dawa. Tangu pale mugonjwa akihangaika, mbele ya sindano naanzia ku sonde.

Docta Kijana
Pole, lakini usiseme sasa kama docta njo mubaya. Mutu akijitoa tibu anaweza kukufia mu mikono yako. Kumufunga ni lazima.

Garde_Ya_Goma
Wapi nimesema asifungwe? Nasema wakati niko pale kando namufungua mukono moja, namupa stilo. Wewe uliisha kukaa ku kitanda yake hata dakika 10?

Docta Kijana
Enfirmie munapenda kutufundisha kazi.

Yaya wa Bagira
Muende mugombane mu inbox.

Vié wa Katuba
Mi niko Lushi (Lubumbashi). Tulikuwa na papa moja mwenye shimo ya kupumulia ku shingo, hawezi kusema lakini anasikia byote. Famii ikakuja batu 5 na makaratasi ya parsele, kiwanja yake. Ndugu yake akaniambia muganga, muulize kama parsele ananiachia mi, akifunga macho ni ndiyo. Nikakatala. Akamuuliza yeye-mwenyewe. Papa akafunga macho. Ndugu akaruka "Ameitika!" Bibi ya papa akalia "Anasinzia tu, muizi wewe!" Kelele mpaka wa securite akakuja. Papa macho amefunga tu, na mi ku mashini naona roho inapiga 130. Bote balipotoka akafungua jicho moja, akaangalia mulango, akaniangalia mi, akafunga tena.

Yaya wa Bagira
Ayayaya! Na parsele ilibakia na nani?

Mushi wa Goma
Vié usitutoroke, tuambie!

Vié wa Katuba
Siri ya kazi.

Mama Furaha
Turudie ku swali. Mubandike karatasi juu ya kitanda: kupepesa 1 ndiyo, 2 hapana. Kwetu timu ya muchana ilikuwa na yake, ya usiku na yake, mugonjwa anakatala blanketi tunamuongezea ya pili.

Docta Kijana
Ubao wa ABC unasaidia sana, anaonyesha herufi na kidole.

Garde_Ya_Goma
Maman hajasoma, ABC ya nini? Muchore: mate, kiu, maumivu, mukojo. Na mumuulize kitu moja moja. "Unasikia baridi ao joto?" akipepesa ndiyo, ni ndiyo ya gani?

Mushi wa Goma
Na mutafute miwani yake, inakuwaka mu sakoshi ya bibi.

Enfirmie wa Kadutu
Aksanti. Mama wa kupanguza kesho iko na repo, hatumike. Mwenye anajua Mashi aniandikie hapa "unaumia wapi" na "nikugeuze?", garde yangu inaanza saa 12 jioni.

Mushi wa Goma
Nakutumia na sauti, kuandika utasoma vibaya.

Yaya wa Bagira
Vié. Parsele.