Tupeane uzoefu: masikio mazima, lakini maneno hayashikiki

Mleta mada: Habari zenu. Kuna watoto, na watu wazima pia, wanaopimwa masikio na kuambiwa wako sawa, ila ukiwaambia "fua shati" wao husikia "vua shati", na penye kelele ndiyo wanapotea kabisa. Sikio linapokea sauti. Ubongo ndio unaoshindwa kuzichambua. Mwenye ujuzi wa vipimo, darasa au mazoezi aweke hapa kwa undani.

Mpima usikivu: Anzeni na sikio lenyewe. Nta iliyoziba au majimaji nyuma ya ngoma ya sikio huleta dalili zilezile, na majimaji huja na kuondoka, hivyo cheti cha mwaka jana hakitoshi. Sikio likishathibitika kuwa salama, ndipo vije vipimo vya uchambuzi: tarakimu tofauti katika kila sikio kwa wakati mmoja, kutambua kimya cha milisekunde (elfu moja ya sekunde) chache katikati ya sauti, kutofautisha mpangilio wa mlio wa juu na wa chini, maneno ndani ya kelele. Kabla ya miaka 7 majibu huyumba mno. Na tafadhali, maneno ya kipimo yawe ya lugha anayoimudu mtoto, la sivyo mnapima lugha. Umakini na ukuaji wa lugha navyo vichunguzwe, maana dalili hufanana sana.

Mwalimu: Kumkalisha mtoto mbele darasani hakusaidii kama hapo mbele ni chini ya feni au kando ya dirisha la barabarani. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka maradufu sauti hushuka kwa desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo msogelee. Sauti yako ikizidi kelele ya chumba kwa desibeli 15 hivi, anakupata vizuri. Maikrofoni ya kuvaa inayorusha sauti moja kwa moja masikioni mwake ikae sentimita 15 hadi 20 chini ya mdomo, mbali na mkufu au kamba ya kitambulisho, kwani mikwaruzo yake humfikia yeye peke yake na wewe huisikii.

Usipaze sauti! Ukipaza, irabu ndizo zinazovuma na konsonanti zinamezwa, wakati "f" na "v" ndizo zinazomsumbua. Rudia mara moja, taratibu; asipopata, badilisha maneno. Toa agizo moja moja. Ukimuuliza "umeelewa?" atasema ndiyo. Mwambie akueleze atakachofanya.

Mchangiaji: Kwa watu wazima, hali hii huweza kufuata kiharusi, jeraha la kichwa au umri. Kikaoni akae ukuta ukiwa mgongoni, apate ajenda kwa maandishi mapema, na namba kwenye simu zitajwe tarakimu moja moja, kisha azirudie. Kuchoka sana jioni ni sehemu ya shida hii, msimwite mvivu.

Mtaalamu wa matamshi: Mazoezi: msomee jozi za maneno yanayokaribiana kwa sauti, kama pata/bata, fua/vua, naye ayatofautishe, dakika 10 hadi 15, siku 5 kwa wiki. Anzeni mahali penye kimya kabisa, mdomo wa msomaji umefunikwa kwa karatasi ili asisome midomo. Akipata 8 kati ya 10, washeni redio kwa sauti ya chini. Akishuka chini ya 5, punguzeni kelele siku hiyohiyo. Mkilazimisha ataanza kubahatisha. Karatasi ni ya zoezi tu. Muda mwingine wote aone uso wa msemaji.