Tupeane uzoefu: chapati za maji za viungo, kiasi cha watu wawili watatu tu

Mama Iliki, Jinja

Habari za asubuhi ndugu zangu. Leo naomba tuongelee chapati za maji za viungo, zile za kufungulia kinywa, na hasa za kiasi kidogo. Maelekezo mengi tunayopeana huwa ni ya kilo nzima ya unga na nusu trei ya mayai, kana kwamba kila nyumba ina harusi. Wengi wetu tunapikia watu wawili au watatu. Yuko mwanafunzi aliyepanga chumba Wandegeya, Kampala, yuko bibi anayeishi na mjukuu mmoja. Zikibaki zinalala, na chapati ya maji iliyolala inakuwa kama mpira na viungo vyake havinukii tena.

Naanza na zangu. Unga wa ngano nusu tumpeko (kile kikombe kikubwa cha nusu lita), ambao ni kama gramu 125. Bekingi pauda vijiko viwili vya chai, sukari kijiko kimoja cha mezani, chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Yai moja. Maziwa, pungufu kidogo ya nusu tumpeko. Samli kijiko kimoja cha mezani. Hapo zinatoka sita hadi nane za ukubwa wa kiganja. Viungo ni punje za maganda manne ya iliki, mdalasini wa unga nusu kijiko cha chai, na kungumanga ya kukwaruza mara chache tu.

Jambo ninalolishikilia ni hili: viungo sivitupi kwenye unga mkavu. Nayeyusha samli, naipua, halafu natia viungo mle ndani ingali moto, nakoroga mpaka harufu ipande. Harufu ya iliki na mdalasini imo kwenye mafuta yake, na mafuta huyeyuka katika mafuta mwenzake, si katika maji. Ukifanya hivyo kiasi kilekile cha viungo kinasikika maradufu. Ikipoa kidogo ndiyo naichanganya na maziwa na yai, kisha namimina kwenye unga na kukoroga mara chache tu. Madonge madogo yakibaki yaacheni. Unga wa ngano ukikorogwa sana unavutika, na chapati inakuwa ngumu. Nauacha utulie dakika kumi, madonge yanajimaliza yenyewe.

Haya, nawasikiliza. Nyumbani kwenu mnafanyaje?

Fundi wa Tawa, Busia

Mama Iliki shikamoo. Mimi nauza roleksi (chapati iliyokunjwa na yai) barabarani, kwa hiyo niongelee moto, kwa sababu naona watu wanahangaika na unga wakati kosa liko kwenye sigiri.

Makaa yakishika sawasawa yanakuwa na moto mkali mno kwa chapati ya maji yenye sukari na maziwa. Nje inaungua, ndani bado uji. Kwa kiasi kidogo kama hicho usijaze makaa. Weka machache, yaache yavae majivu meupe, funga kile kimlango cha chini ubakize ufa. Kikaango kiwe kizito na kikae juu ya moto mpaka kipate joto pande zote. Nyunyizia tone la maji: likitulia na kutoa mvuke polepole, bado. Likirukaruka na kukimbia juu ya chuma, mimina.

Kugeuza nako kuna alama zake. Vitundu vitatokea juu. Usivigeuzie vya kwanza vinavyopasuka na kuzibika tena. Ngoja vinavyopasuka na kubaki wazi, na ukingo uwe umekauka, hauna ule mng'ao wa majimaji. Geuza mara moja tu. Upande wa pili hauhitaji hata nusu ya muda wa upande wa kwanza. Na usiikandamize na mwiko! Unaona watu wanaikandamiza kama wanaua mdudu, hewa yote uliyoitafuta kwa bekingi pauda inatoka pale pale.

Bint Bombo

Asante Fundi, hiyo ya vitundu nimeipenda.

Sisi Bombo tumekulia kwenye gurusa, chapati nyembamba ya Wanubi, na nililolichukua kutoka huko ni namna ya kupaka mafuta. Kata kitunguu katikati, kichome uma kwa nyuma, chovya uso wake kwenye mafuta, pangusa kikaango. Mafuta yanakaa kama utando tu, na chapati inatoka na rangi moja bila mabaka. Kwa chapati sita hutatumia hata kijiko kimoja cha mafuta. Ladha ya kitunguu haihamii kwenye chapati, msiogope.

Iliki nayo nunueni ya maganda, ya unga ya paketi mara nyingi imeshakufa. Pasua ganda: punje ziwe nyeusi na zishikane kidogo kwa unyevu. Zikiwa za kijivu, kavu, zinachezacheza ndani ya ganda, hizo ni za zamani. Kwa kuwa punje za maganda manne ni chache na zinakimbiakimbia kinuni, zitwange pamoja na ile sukari yako ya kwenye maelekezo. Chembe za sukari ndizo zinazosaga iliki mpaka inakuwa vumbi, na kinu hakibaki na kitu. Maganda usitupe, tia kwenye birika la chai.

Kijana wa Wandegeya

Wakuu, mimi niko peke yangu chumbani. Hata hizo sita ni nyingi. Nikitaka tatu, yai nalikataje?

Mama Iliki, Jinja

Mwanangu, lipige yai kwenye kikombe mpaka kiini na ute vichanganyike kabisa, halafu pima kwa kijiko. Yai kubwa ni kama vijiko vitatu vya mezani, kwa hiyo kimoja na nusu ndilo nusu yai lako. Kilichobaki kikaange ule na chapati zako, hakuna kinachopotea.

Hajati wa Masaka

Au aache yai kabisa atumie ndizi moja ndogo tamu iliyoiva sana, aiponde mpaka iwe laini. Inashikamanisha na inapunguza haja ya sukari. Chapati inakuwa nzito kidogo, lakini ladha inaendana vizuri mno na mdalasini.

Na maadamu nimetaja ndizi, jamani, mtaongeleaje chapati za asubuhi Uganda mkaipita kabalagala? Hii ndiyo ya kwetu, haina yai, haina maziwa, haina ngano. Mwenye tumbo linalokataa ngano anakula bila wasiwasi.

Kwa nyumba ndogo chukueni kichane kidogo cha zile ndizi ndogo tamu za ganda jembamba. Ziwe zimeiva mpaka ganda lina madoa meusi. Ndizi ya manjano safi bado, itakupa kabalagala isiyo na utamu, mtabaki kuongeza sukari, na sukari haitakiwi humu hata chembe. Menya, ponda kwa mkono mpaka uone imekuwa rojo inayong'aa. MAJI USITIE. Wenye haraka wanaharibikiwa hapa: ndizi inaonekana kavu mwanzoni, ukiendelea kuponda inatoa maji yake yenyewe. Ndipo uanze kutia unga wa muhogo kidogo kidogo huku unakanda, ukome pale donge linapoacha kushika vidole. Ukizidisha unga unapata kitu kigumu kama kigae.

Viungo vyangu humo ni tangawizi kavu ya unga na pilipili kidogo sana. Pilipili na ndizi mbivu zinapendana. Wengine wanatia mdalasini, nako ni kuzuri. Tandaza donge kwenye meza uliyonyunyizia unga wa muhogo, unene wa kidole kidogo, kata kwa mdomo wa bilauri. Kaanga kwenye mafuta mengi ya moto wa wastani. Sukari ya ndizi inaungua upesi, kwa hiyo moto mkali utakupa weusi wa nje na ubichi wa ndani. Ikifika rangi ya udongo mwekundu, toa.

Na kinyume na chapati za maji, kabalagala inaweza kulala na kesho ikawa bado tamu. Kwa hiyo yule anayeishi peke yake apike jioni moja, ale asubuhi mbili.

Kijana wa Wandegeya

Hajati nimeipenda hii. Kesho nashuka sokoni kutafuta kichane.

Mwalimu, Kabale

Nyongeza kutoka milimani. Huku kwetu tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kipimo cha Jinja hakifanyi kazi vilevile. Hewa ya huku ina mgandamizo mdogo, kwa hiyo mapovu ya bekingi pauda yanavimba upesi kupita kiasi na kupasuka kabla chapati haijashika. Inapanda, halafu inanywea. Mlioko nyanda za juu punguzeni: badala ya vijiko viwili tieni kimoja na nusu, na maziwa ongezeni kijiko kimoja au viwili, maana maji nayo yanakauka upesi.

Mimi huchanganya unga wa wimbi, theluthi moja wimbi na theluthi mbili ngano. Wimbi lina harufu yake nzuri ya kuchomwa inayokubeba mdalasini na tangawizi, na rangi inakuwa ya kahawia. Ila unanyonya maji polepole. Changanya unga na maziwa, acha nusu saa, na bekingi pauda tia mwishoni kabisa ukiwa tayari kumimina.

Nyuki wa Arua

Kuhusu tangawizi: mkitumia mbichi ya kuparuza, msiitie kwenye maziwa ya moto. Ina kimeng'enya kinachokata maziwa, ndiyo maana hata kwenye chai ya maziwa mama zetu wanachemsha tangawizi kwanza na maji, moto ukiumaliza ule ukali ndipo maziwa yanaingia. Kwenye chapati iparuzie ndani ya ile samli ya moto ya Mama Iliki, ikaangike kidogo, halafu endelea. Ya unga mkavu haina shida hiyo.

Na karafuu iwe MOJA kwa nusu tumpeko ya unga. Ikizidi, ulimi unakufa ganzi na iliki huisikii tena.

Juu yake sisi tunamwagia asali. West Nile hatununui sharubati ya dukani.

Afande Mstaafu, Gulu

Asali ni nzuri, lakini mmewahi kupaka odii? Ule mchanganyiko wa karanga na simsim (ufuta) zilizokaangwa zikasagwa mpaka zikawa laini. Chapati ikitoka motoni tu, paka odii, nyunyizia chumvi kidogo sana, kunja, kula na chai ya rangi. Niliishi na Kiswahili kambini na chapati kambini, lakini hili la odii nililipata kwa majirani baada ya kustaafu, na sasa siku ambayo haipo naona kifungua kinywa hakijakamilika. Mtu akienda shambani baada ya hapo, anafika mchana bila kuulizia chakula.

Mkitumia odii, punguzeni sukari kwenye unga na ongezeni mdalasini.

Mkulima, Mukono

Vanila jamani. Tunailima wenyewe, ua moja moja tunalichavusha kwa mkono, halafu nyumbani tunatumia ile ya chupa iliyotengenezwa kiwandani! Kipande cha kidole kimoja cha vanila iliyokaushwa kinatosha. Pasua kwa urefu, kwangua vile vijipunje vyeusi kwa mgongo wa kisu, tia kwenye samli pamoja na iliki. Ganda lililobaki lifukie kwenye kopo la sukari, wiki zinazofuata sukari yote itanukia. Vanila na iliki zinakaa pamoja vizuri. Vanila na karafuu, hapana, karafuu inaimeza.

Mama Iliki, Jinja

Nimefurahi kupita maelezo. Hajati, kabalagala yako nimeiandika kwenye daftari langu, na Bint Bombo hiyo ya kutwanga na sukari nimeshaijaribu leo leo, iliki imekuwa vumbi kweli.

Kwa wanaoamka na haraka ya kazi, niseme pia hili: changanyeni vikavu mapema. Unga, sukari, chumvi na bekingi pauda, vyote kwenye chupa kavu yenye mfuniko. Asubuhi unachota nusu tumpeko, unatia yai, maziwa na samli ya viungo, basi. Rojo lenyewe lisilazwe na bekingi pauda ndani, nguvu inaisha usiku. Na kama bekingi pauda imekaa kabatini muda mrefu, tia kijiko kimoja kwenye maji ya moto. Isipofoka povu, nunua nyingine.

Swali langu la mwisho: wanaotumia bongo (maziwa ya mgando) badala ya maziwa mabichi, mnatia nini kuziinua? Bekingi pauda au magadi soda?

Bint Bombo

Magadi soda, Mama, kwa sababu bongo ina uchachu wa kuiamsha. Kwa nusu tumpeko ya bongo weka nusu kijiko cha chai, kisawazishwe kwa kisu, kisiwe na kilima. Ikizidi utasikia ladha ya sabuni na chapati inakuwa na weusi usiopendeza. Na ukishachanganya usisubiri zile dakika kumi, mimina mara moja, maana magadi yanaanza kazi pale pale yanapokutana na uchachu. Bongo ikiwa nzito sana, iregeze kwa maziwa kidogo au maji.

Fundi wa Tawa, Busia

Na moto uwe mdogo zaidi kwa hizo za bongo. Magadi soda yanaharakisha rangi.